Sikio la Kushoto

Cucu aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaitazama hadi chai yangu ikafanya utando wa maziwa juu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Huyu ni nani?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. "Si ni wewe, Cucu."

"Mimi?" Akaitazama tena. "Mimi nilivaa hivi lini?"

Nilikuwa nimetoka Nairobi alfajiri, nikapanda matatu pale Tea Room, nikashuka Karatina, kisha bodaboda hadi kwake upande wa Mathira, karibu na msitu. Picha ilikuwa imeviringishwa ndani ya paipu ya plastiki niliyoikumbatia safari nzima kama mtoto mchanga. Mimi ndiye mjukuu aliyepewa jina lake. Ananiita wakine, mtu wa rika lake, ati kwa sababu sisi ni mtu mmoja aliyezaliwa mara mbili. Kwa hivyo nilikuwa na uhakika atafurahi. Nilikuwa hata nimeandaa simu nimrekodi akitokwa na machozi, niweke kwa status.

Sikurekodi kitu.

Picha yenyewe ni chapa ya mbao, urefu sentimita 60, upana 45, kwa rangi mbili: nyeusi, na nyekundu ya udongo. Mwanamke wa Kikuyu ameketi, anaangalia mbele. Begani ana nguo ya ngoro, lile joho la ngozi ya mbuzi. Kiunoni ana muthuru, sketi ya ngozi. Shingoni shanga mzunguko juu ya mzunguko. Masikioni ana hang'i, zile pete kubwa za shanga, nyingi hadi ndewe zinavutwa karibu na mabega. Uso ni wa Cucu. Niliutoa kwa picha ya simu niliyompiga Krismasi akiwa ameshika sahani ya pilau. Sahani niliiondoa. Sweta niliiondoa. Kitambaa cha kichwa nikakiondoa pia, nikamnyoa nywele kama wanawake wa zamani walivyonyoa. Kila nilichokiondoa nilikijaza na kitu kizuri zaidi. Ndivyo nilivyojiambia.

Nilichonga kwa wiki sita.

Kwa asiyeijua kazi hii: unatafuta mbao, mimi hutumia sipresi kwa sababu ni laini na inapatikana kwa fundi yeyote. Unaipiga randa, unaipiga msasa. Unachora juu yake, kisha unachonga kwa patasi ndogondogo. Unapochonga patatoka peupe. Unapopaacha ndipo panaposhika wino. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unasugua mgongo wa karatasi kwa mwiko, unaibandua polepole huku umeshika pumzi. Kila kitu hutoka kimegeuka, kulia kimekuwa kushoto. Na ukikosea hakuna dawa. Penseli ina raba yake, mbao haina. Kilichotoka kimetoka.

Nairobi kazi hii ina wenyewe. Dennis Muraguri amechonga matatu kwenye mbao mpaka ukizitazama unasikia honi na makanga akigonga bodi. Lakini mimi sikuingilia hapo. Niliingilia kwa picha moja ya Kijapani niliyokutana nayo kwenye simu nikiwa sina kazi, ya mwanamke aliyevaa kimono, shingo ndefu, nywele zimesukwa juu kama mlima. Mchoraji alikuwa Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806. Huko kwao kazi hii ilikuwa ya watu kadhaa: mmoja anachora, mwingine anachonga, wa tatu anachapa, na mwenye mtaji anauza. Kilichonishangaza ni kwamba baadhi ya wale wanawake wake tunawajua kwa majina. Kuna mmoja aliyeitwa Okita, aliyekuwa akihudumu kwenye mkahawa wa chai pale Asakusa, na watu walimjua. Miaka zaidi ya 200 baadaye bado tunajua jina la mtu aliyekuwa akimimina chai.

Nikasema, na mimi nitamchonga wangu. Chini ya picha niliandika kwa penseli, kama wachapaji wanavyofanya, namba ya nakala, sahihi yangu, na jina la kazi: Mwanamke wa Kikuyu.

Hata wewe umeshaona kosa. Mimi sikuliona.

Tuongee kidogo kuhusu nilikozitoa zile nguo, kwa sababu Cucu hakuwa na hata moja. Nilizitoa kwanza kwa Joy Adamson. Wengi wetu tunamjua kama yule mama wa simba, Elsa na hadithi zote zile. Lakini kabla ya simba, mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuzunguka Kenya akiwachora watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mavazi yao, maana mavazi hayo yalikuwa yanapotea. Alichora mamia ya picha. Mwaka 1967 nyingine zikatoka kwenye kitabu, The Peoples of Kenya, na ukienda Makumbusho ya Taifa pale Nairobi utaziona. Ni kazi ya mkono wenye subira. Kila ushanga uko mahali pake. Nilikaa mbele yake siku nzima na daftari, nikinakili.

Lakini fikiria hiyo tarehe. 1949. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1952, serikali hiyohiyo ilitangaza Hali ya Hatari. Mkono mmoja ulikuwa ukilipia picha za nguo za bibi zetu, mwingine ukaja kuchoma nyumba zilimotundikwa. Hili sikuliwaza nikiwa makumbusho. Nilikuwa nikihesabu shanga.

Pili, nilizitoa kwa ruracio. Kama umehudhuria ruracio au ngurario yoyote miaka hii kumi, unajua ninachosema. Kuna watu Karatina, Nyeri mjini, Thika, mpaka Nairobi, wanaokodisha nguo za kitamaduni: kitambaa cha rangi ya udongo kilichoshonwa kifanane na ngozi, makombe ya kauri pindoni, shanga, fimbo ya bwana, kibuyu cha picha. Unalipa, unavaa, unapigwa picha, unarudisha kesho yake kabla ya saa nne. Halafu bibi harusi anafichwa katikati ya wasichana waliofunikwa leso gubigubi, bwana amtambue. Leso, jamani. Nguo ya Pwani, iliyofika kwetu juzijuzi kwa treni na kwa maduka ya Wahindi, na leo ukimwambia mtu wa Nyeri kwamba si ya Kikuyu mtagombana.

Simlaumu mtu. Mwanamke wa Nyeri aliyepigwa picha nyingi kuliko wote pengine ni Wangari Maathai, na dunia ilipomtazama akipokea Nobel mwaka 2004 iliona kitenge na kilemba ikasema, tazameni vazi la Kiafrika. Kitenge nacho kina safari yake, kina Java ndani yake na kina viwanda vya Uholanzi. Yeye alikivaa kikawa chake. Nguo huwa ya mtu kwa kuvaliwa. Hilo ndilo nililokuja kufundishwa, ila mwalimu wangu hakutumia maneno hayo.

Turudi dirishani.

"Hii ni nguo ya kitamaduni, Cucu," nikamweleza, kwa sauti ile tunayotumia kuwaeleza wazee mambo ya simu. "Ni kukuheshimu."

"Naijua hii nguo. Ni ya mama yangu."

"Basi si ni sawa?"

Akaiweka picha mezani, uso chini. Akaketi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema sijala, akaenda kupasha viazi, na kwa nusu saa tuliongea kuhusu bei ya maziwa na barabara mpya ya Sagana hadi Marua na vile ng'ombe wa jirani anaingia kwake. Nilijua nimeharibu kitu, ila sikujua nini. Alipomaliza kula alinawa mikono, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

Mimi nina miaka 27. Nimelala kitanda kimoja na Cucu likizo zote za shule ya msingi. Sikuwa nimewahi kumwona bila kitambaa. Hulala nacho, huamka nacho. Nywele zilikuwa nyeupe, fupi, laini kama za mtoto. Masikio yalikuwa yametobolewa kwenye ndewe, matundu makubwa, yale ya kizamani, yaliyopanuliwa kwa vijiti. La kulia lilikuwa zima, ndewe inaning'inia kama uzi mnene. La kushoto lilikuwa limekatika. Vipande viwili, kama ulimi wa nyoka.

Kwa picha yangu nilikuwa nimechonga masikio mawili mazuri, sawasawa, yamejaa hang'i. Niliyabuni. Picha ya Krismasi haikuonyesha masikio.

"Nilitobolewa nikiwa msichana mdogo," akasema. "Shangazi yangu ndiye alitoboa. Nilikuwa naambiwa ningoje, nikiwa mtu mzima nitavaa kama mama. Nikangoja. Kisha nikabatizwa, na misheni hawakutaka hizo vitu. Kisha vita vikaja. Hang'i sikuwahi kuvaa hata siku moja. Matundu yalitobolewa, yakakaa bure."

Mwaka 1954 serikali ya mkoloni ilianza kuwahamisha watu wa Mlima Kenya kutoka kwenye mashamba yao na kuwarundika vijijini, ndani ya mitaro na seng'enge, ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Vilikuwa vijiji zaidi ya 800, vikiwa na watu wapatao milioni moja. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hivyo waliobaki kujenga na kuchimba walikuwa wanawake, wazee na watoto. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ulichimbwa mtaro wa takriban kilomita 80, na ndani yake vikasimikwa vijiti vilivyochongwa ncha. Hayo nimeyasoma vitabuni. Shuleni tuliyafanya haraka, tukakariri tarehe, tukapita.

Cucu alikuwa na miaka 17 hivi, cheti cha kuzaliwa hakuna. Siku ya kuhama walipewa muda wa kutoa kile ambacho mtu anaweza kubeba. Mama yake alibeba sufuria, jembe na mtoto. Nguo yake nzuri, ile ya ngozi iliyopakwa mafuta ya mbarika hadi ikalainika, ilibaki ndani imetundikwa, kwa sababu alikuwa amevaa shuka la dukani kama wengine. Nyumba ikachomwa wakiwa wanatazama.

"Unajua ngozi ikichomeka inanukaje?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Inanuka kama nyama. Na sisi tulikuwa hatujakula tangu jana yake." Akanyamaza. "Nilisimama pale, nyumba ya mama yangu inaungua, na mdomo wangu umejaa mate. Mama akaniangalia akaona. Hakusema kitu. Mimi na yeye hatukuwahi kuongea hayo mpaka akaenda."

Kuhusu sikio alitumia maneno machache zaidi. Walikuwa mtaroni. Alisimama kunyoosha mgongo. Ngati mmoja akamwona, akashuka, akaingiza kidole kwenye tundu la sikio akamvuta kama ng'ombe anayepelekwa josho. Ngozi ikakatika. Akafunga kitambaa, akaendelea kuchimba. "Alikuwa kijana wa kwetu," akasema. "Tulizeeka naye. Nilipika chai kwa matanga yake."

Halafu akafunga tena kitambaa chake, akageuza ile picha, akaisukuma kwangu. "Ni mzuri huyu. Una mkono mzuri, wakine. Lakini umemvalisha mtu mwingine uso wangu."

Nilirudi Nairobi jioni hiyo nikiwa na shida ya aina mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ilikuwa pesa.

Toleo la ile picha lilikuwa nakala 15, kwa shilingi 12,000 kila moja. Watu watano walikuwa wameshalipa nusu kabla hata ya maonyesho. 30,000. Pesa hizo zilikuwa zimelipa nyumba, zimelipa wino, nyingine zimelipa deni la fundi mbao. Mimi si mtu wa pesa za kuweka. Nilimwambia msimamizi wa maonyesho kwamba nataka kuiondoa hiyo kazi. Alinisikiliza vizuri, ni mtu muungwana. Kisha akasema jambo ambalo bado nalifikiria: "Lakini jina la kazi ni Mwanamke wa Kikuyu. Hakuna mahali umesema ni bibi yako. Nani atajua?"

Na ni kweli. Hakuna ambaye angejua. Cucu haendi galari. Picha zingeenda kuta za Kilimani na Lavington, moja labda ingeenda Berlin, na mwanamke mwenye hang'i angekaa pale juu ya kochi akiwa mzuri na mtulivu, kama wenzake walio kwenye mapokezi ya hoteli za Nyeri na Nanyuki. Wale huwatazama watalii wakijaza fomu. Hakuna anayewauliza waliitwa nani.

Nilikaa na hilo siku nne. Sitadanganya kwamba niliamua mara moja. Siku ya tatu nilichapa hata nakala moja zaidi, kuona tu. Ilitoka safi sana. Nikamwangalia yule mwanamke na masikio yake mawili mazima, nikajiuliza nikimuuza nitakuwa nimeuza nini. Nilimtoa Cucu pilau mkononi, nikamtoa sweta, nikamtoa mtaro, nikamrudishia nguo iliyochomeka mbele ya macho yake, halafu nikaita heshima.

Nikaifuta kazi. Kwa wachapaji kufuta ni kitu cha kweli: unachonga mkwaruzo mrefu katikati ya bamba ili lisichapwe tena. Nilipiga mmoja kutoka bega hadi kiuno. Nikawapigia wale watano nikawaeleza kwamba kutakuwa na picha nyingine, ya mwanamke huyohuyo, lakini hatakuwa mrembo vile. Wawili walisema watangoja. Watatu walitaka pesa zao, na ni haki yao. Nikafuliza, nikakopa dada yangu, nikarudisha.

Kisha nikarudi Mathira, mara hii na daftari tupu.

"Sasa utavaa nini, Cucu?" nikamuuliza. Ni swali rahisi. Ningeliuliza mwanzo, ningeokoa wiki sita.

Alilifikiria usiku mzima. Asubuhi akatoka amevaa sweta ya kijani ya mtumba ya Karatina, ile ya kila siku, imeshonwa kiwiko kwa uzi wa manjano. Leso kiunoni. Kitambaa kichwani. Na gambuti, kwa sababu kulikuwa na umande, na kwa sababu, alisema, hiyo ndiyo miguu yake.

"Nilikuwa nataka kuchora hapa tu," nikamwonyesha kifuani kwenda juu.

"Kwani gambuti zimekukosea nini?"

Ikabidi nitafute mbao ndefu zaidi. Sentimita 90.

Nilimchora akichambua maharagwe, maana akikaa bure anasinzia. Kwenye runinga kulikuwa na habari, na maneno yakaja kwa Muthoni wa Kirima, yule mama wa Nyeri aliyekuwa fildmarshali msituni, aliyekaa na nywele zake ndefu za vita hadi Aprili 2022 ndipo zikakatwa na Mama Ngina Kenyatta. Cucu aliitazama siku ile moja kwa moja. "Yule aliibeba nguo yake kichwani miaka yote hiyo," akasema. "Ilikuwa nzito. Watu wakiona nywele wanasema utamaduni. Mimi niliona uchovu." Mwaka uliofuata, 2023, Muthoni akafariki. Cucu alimwombea kwa jina.

Siku ya pili ya kuchora ndipo niliiona alama. Jua lilikuwa limeingia kwa upande, likampiga kwenye paji la uso, chini kidogo ya ukingo wa kitambaa. Kulikuwa na bonde pale, refu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote nikidhani ni kunjo la uzee.

"Weka kidole," akaniambia.

Nikaweka. Kidole kiliingia. Si ngozi iliyokunjamana. Ni mfupa ulioshuka. Ni mukwa, kamba ya ngozi inayopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni. Wanawake wa huku wamebeba hivyo maji, kuni, viazi, vyondo vya mahindi, wakipanda na kushuka hizi ridge zetu. Bado utawaona leo, ukienda Othaya au Mukurwe-ini jioni, mama ameinama na mzigo wa kuni, ila kamba siku hizi ni nailoni. Cucu alianza akiwa na miaka saba hivi. Aliacha akiwa na sabini na kitu, daktari alipomkataza.

Nilikuwa nimetafuta vazi la kitamaduni makumbusho na kwa wakodishaji wa ruracio. Cucu alikuwa na moja, hakuwahi kulivua hata usiku.

Kuna Mjerumani aliyeitwa Käthe Kollwitz, aliyempoteza mwanawe katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914, na miaka ya baadaye akachonga kwenye mbao mfululizo wa picha za vita hivyo. Vita vyenyewe havimo. Kuna akina mama wamekumbatiana, kuna mjane, kuna mikono mikubwa. Nguo hazina maua wala mapambo, ni weusi tu. Nilipokuwa nikimchonga Cucu mara ya pili nilizitazama sana hizo, kwa sababu nilihitaji mtu wa kuniambia kwamba ninaweza kuacha weusi mahali ambapo sijui, badala ya kupajaza shanga.

Lile bonde la paji la uso lilikuwa mchongo mmoja tu. Patasi ya mviringo, kushoto kwenda kulia, pumzi moja. Sweta ilinichukua siku tano, kila fundo la uzi. Gambuti siku mbili.

Sikio lilinitia hofu kuliko yote. Mara hii alikubali kuvuta kitambaa nyuma kidogo, upande mmoja tu, upande aliouchagua mwenyewe. Na mbao hugeuza. Sikio lake la kushoto, ukimtazama usoni, liko mkono wako wa kulia. Ili litoke hivyo kwenye karatasi, lazima nilichonge kushoto mwa bamba. Niliandika kwa kalamu ya feltipu kwenye mbao, HAPA, na mshale. Bado niliangalia kwenye kioo mara tatu. Nilikuwa nimeshakosea sikio hilo mara moja.

Nakala ya kwanza sikuichapia Nairobi. Nilibeba bamba, rola na wino hadi kwake, tukafanyia kazi kwenye meza ya jikoni. Nilipaka wino, nikalaza karatasi, nikaanza kusugua kwa mwiko wangu mdogo. Cucu akaangalia kidogo, akakosa subira, akaenda akaleta mwiko wake wa ugali. "Lete," akasema. Alisugua jinsi anavyosonga, kwa bega zima, karatasi ikapata mkunjo upande wa chini. Tuliibandua pamoja, yeye ameshika pembe ya juu, mimi ya chini.

Aliitazama. Muda mrefu tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lile.

"Huyu amechoka," akasema.

"Ndiyo, Cucu."

"Sawa. Nilikuwa nimechoka." Akanyoosha kidole karibu na sikio, bila kugusa, wino ulikuwa bado mbichi. Kisha akashuka hadi chini kabisa. "Gambuti zimetoka vizuri."

Jina la kazi sasa ni jina lake, majina yote matatu. Sitaliandika hapa. Nilimuuliza, akasema jina likae kwenye picha, kwa intaneti lisiende. Nimechapa nakala kumi. Mpaka leo nimeuza nne. Ya kwanza kabisa ningependa kusema iko ukutani kwa Cucu. Haiko. Iko chini ya godoro, imefungwa kwa gazeti, ameiandika kwenye orodha ya vitu vyake vya kugawa.

Bamba la zamani, lile la mwanamke mwenye hang'i, nilikuwa nimelibeba siku hiyo pia. Nilitaka tulichome pamoja. Nilikuwa nimejitungia kichwani, unajua, tendo fulani la kuponya: moto, mimi na yeye, kimya. Cucu aliniangalia kama nimerukwa na akili. Kuchoma mbao nzuri ya sipresi, iliyopigwa msasa pande zote? Na kwanza, yeye ameshaona vitu vya kutosha vikichomwa. Akalichukua akalipima kwenye pipa lake dogo la maji pale nje. Likaenea, likabaki kidogo pembeni. Akaweka jiwe juu.

Juzi nilipompigia simu nikamuuliza kifuniko kinaendeleaje.

"Yule mrembo?" akasema. "Amelowa. Lakini anafanya kazi."